Tone Moja, Usiku Kucha

Meza ya baba ni ya mvule, na imeliwa.
Si na mchwa. Na tizabu,
tone kwa tone, miaka thelathini na mitatu ya pete,
vipuli, kikuku cha bibi harusi wa Kuze
kilichorudishwa mara mbili kwa kuwa kinabana.
Ukipitisha kiganja unahisi vishimo,
kama shavu la mtu aliyepona ndui.

Sasa kazi ni yangu,
chumba cha nyuma, Bondeni, ghorofa ya kwanza,
dirisha moja juu ya uchochoro.
Jumanne chupa iliteleza.
Ubao ukafuka moshi wa rangi ya kutu,
ukanywa ulichoweza kunywa,
kilichobaki kikachuruzika sakafuni
shibiri moja na ndala yangu.
Nikasema basi.

Nikakusanya vipande, vya bure na vya kuomba.
Katana mwashi alinipa kigae na pembe ya marumaru;
kijana wa duka la vifaa, Mwembe Tayari,
bati, formaika, na maneno mengi.
Kioo nilikitoa kwenye fremu ya picha ya harusi
ambayo hakuna tena anayeiulizia.
Nikavipanga juu ya paa, chini ya kamba za nguo,
kama watahiniwa,
kila kimoja tone lake.
Bismillahi. Nikavua glovu, nikashuka kulala.

Marumaru haikungoja nishuke.
Ilitoa povu papo hapo, ikafoka,
jiwe la majumba ya wenye nazo
lisilostahimili neno moja kali.
Bati, asubuhi, lilikuwa na jicho:
niliona kidole changu upande wa pili.
Formaika ilijikaza usoni,
lakini ubavuni, palipopita msumeno, ilikuwa imevimba.
Hewa ya mji huu ina chumvi na haipigi hodi.
Kioo kizima. Kizima kabisa!
Nikaitazama nyundo yangu, nikakirudisha kwenye fremu.

Kigae nacho safi. Nikafurahi, nikamwita Katana.
Naye, angeweza kuniuzia kazi ya siku mbili,
akatikisa kichwa:
“Kigae hakiliwi, dada. Kinacholiwa ni saruji ya katikati.
Hata ndugu, ugomvi huanzia palipoungwa.”

Basi nilikaa wiki nzima nikifanyia kazi kwenye sinia.

Ndipo Mishi, anayefundisha Changamwe,
akapiga simu: wanabomoa maabara ya zamani,
ule ubao mweusi wa mezani, mzito, unauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.
Vijana wanne waliupandisha ngazini
wakimtaja mama wa kila aliyejenga ngazi ile.
Niliuosha kwa sabuni na maji matatu.
Umemwagiwa kila kitu, ubao huu,
na watoto wasiosikia, mwaka baada ya mwaka,
na hauna doa.
Ila pembeni, kwa ncha ya bikari,
mtu amechimba: DENA.
Tizabu haikuweza.
Aliyechoshwa na somo aliweza.

Baba akaletwa aione.
Macho yake yana ukungu, daktari kasema tungoje mwezi wa nane.
Akaweka viganja vyote viwili juu ya weusi ule,
akapapasa, akapapasa tena,
akakunja uso.
“Laini mno. Nitajuaje mahali pangu?”

Sikuwa nimejua.
Vile vishimo, nilivyoviona aibu ya meza,
vilikuwa ramani: hapa koleo,
hapa boraksi, hapa mizani, hapa usiweke mkono.
Nikatafuta la kusema. Sikupata.

Vidole vyake vikaendelea kutembea hadi ukingoni,
vikakwama kwenye D, vikarudi, vikasoma.
“Huyu nani?”
Mwanafunzi, baba. Sijui.
“Haya,” akasema, akivuta stuli.
“Koleo likae kushoto kwa Dena.
Tofali la kuchomelea, kulia kwake.
Na ile chupa, mama, iweke mbali naye.”